Sinendet ya Getini

Nilivishwa sinendet Jumamosi saa nne na dakika kumi asubuhi, kabla sijafanya jambo lolote la maana siku hiyo zaidi ya kulipa shilingi 300. Msichana wa getini alihesabu noti zangu, akachomoa shada moja kutoka kwenye beseni la maji, akanipitishia kichwani na kusema, "Karibu, bingwa." Nyuma yangu kulikuwa na mtoto wa miaka kama minne. Naye akavishwa. Nyuma ya mtoto kulikuwa na jamaa wa bodaboda aliyekuja tu kushusha kreti mbili za soda. Naye pia. Alicheka, akawasha pikipiki, akarudi barabarani na shada lake shingoni kama mtu aliyetoka kuvunja rekodi ya dunia.

Uhakiki huu ulianzia hapo, na sitaficha: ulianza kwa hasira.

Mhariri aliponiuliza kama naweza kuandika kuhusu wikendi ya wapenzi wa mimea ya sherehe mtaani West Indies, nilidhani ananitania. Hapa tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia, labda albamu. Majani je? Na kabla hujauliza, ni West Indies ya Eldoret, si ile ya kriketi. Mimi nimekulia mtaa huo. Nikasema sawa, ni kazi ya kutembea kwa miguu, na nikiboeka naenda nyumbani kula.

Sikuboeka. Nilirudi hata Jumapili, nikalipa tena. Kwa hiyo nianze na sifa, maana waandaaji ni vijana wanne waliotumia hela zao, na hakuna aliyewatuma.

Kwa wasiotoka pande hizi: sinendet ni mmea mwembamba unaojisokota na kupanda juu ya miti ya nyanda za juu. Wanasayansi wanauita Periploca linearifolia. Ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukitazama picha za wanariadha wetu wakipokewa uwanja wa ndege na medali zao, ile kamba ya majani mabichi shingoni ndiyo sinendet, na kibuyu wanachopewa wanywe ni sotet yenye mursik. Wazee wa Kikalenjin husema zamani walivishwa wapiganaji waliorudi. Siku hizi wanavishwa mahafali, maaskofu, na hasa wanasiasa, ambao sijawahi kuelewa wanarudi kutoka vita gani.

Mji huu umejenga jina lake kwa miguu tangu Kipchoge Keino ashinde mita 1500 kule Mexico mwaka 1968, na tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hadhi ya jiji. Tangu siku hiyo nimeona hamu fulani hapa Eldoret, hamu ya kuonyesha kwamba tulikuwa watu kabla ya kuwa jiji. Wikendi hii ilizaliwa na hamu hiyo. Si jambo baya. Ila hamu ya kuonyesha na hamu ya kuelewa ni ndugu wawili wasiofanana.

Kipindi bora cha Jumamosi kilikuwa cha mursik, na kilikuwa bora kwa sababu moja rahisi: kilikuwa kazi. Dada aliyekiongoza hakuanza na hotuba. Alitupa kila mmoja kibuyu na sosiot, ule ufagio mrefu wa kusugulia ndani, akasema osheni. Tukaosha. Kisha akaleta vijiti vya senetwet, yule mmea wa maua ya njano unaouona kando ya barabara ukidhani ni magugu, wenye majani ya harufu kali isiyosahaulika. Ncha ya kijiti inachomwa hadi iwe kaa, kisha unasugua nayo ndani ya kibuyu mpaka ukuta wote uwe mweusi. Baadaye ndiyo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, hufungwa, na kuachwa siku kadhaa. Ndiyo maana mursik ina ule urangi wa kijivujivu na ladha ya moshi ambayo mgeni huihofia mara ya kwanza na kuiulizia mara ya pili.

Mimi nilikosea. Nilisugua kijiti kikiwa bado na moto, kibuyu kikaungua upande mmoja. Dada alikinusa, akanirudishia: "Hiki ni chako sasa. Ukikiharibu, utakunywa hivyo hivyo." Watu wakacheka. Lakini nilijifunza kuhusu senetwet kwa nusu saa hiyo kuliko ambavyo bango lolote lingenifunza, maana mmea ulikuwa mkononi mwangu ukifanya kazi yake, na mimi nikifanya yangu vibaya.

Sasa mabango.

Chini ya hema kubwa kulikuwa na meza ndefu. Kila mmea uliwekwa kwenye glasi ya maji, na mbele yake kadi iliyochapishwa vizuri. Segutiet, nyasi inayofungwa mikononi mwa bibi na bwana harusi: "Ishara ya ndoa." Sinendet: "Ishara ya ushindi." Mwishoni kulikuwa na meza ya majirani, wazo zuri mno kwa mtaa kama wetu ambapo ukuta mmoja unatenganisha makabila matatu. Hapo kulikuwa na sale la Wachaga: "Ishara ya msamaha." Kulikuwa na kikuba kilichosafiri usiku kucha kwa basi kutoka Mombasa, asumini zake zikiwa zimegeuka kahawia lakini rihani bado ikinukia: "Ishara ya mapenzi." Kulikuwa na bwombwe ya Wajaluo: "Ishara ya maombolezo."

Ishara ya, ishara ya, ishara ya. Nilisoma kadi kumi na nne na zote zilikuwa na sentensi moja.

Ugomvi wangu na kadi hizo si kwamba zinasema uongo. Ni kwamba zinaufanya mmea uwe neno kwenye kamusi, kana kwamba maana imo ndani ya jani kama utomvu ulivyomo ndani ya shina. Chukua sale. Mchaga aliyekukosea akija na sale mkononi, hakuleti ishara ya msamaha. Anakuomba, na mbele ya watu, na wewe sasa una mzigo: ukikataa, mkosaji utageuka kuwa wewe. Hilo jani limewasogeza watu wawili kutoka mahali walipokuwa. Sale hilo hilo likipandwa mpakani mwa shamba linafanya kazi nyingine kabisa, linasema hapa ni kwangu na pale ni kwako. Au chukua bwombwe na sinendet ukaziweke pamoja. Zote ni mimea ya kutambaa, zote hujiviringisha mwilini zikiwa mbichi. Mwanamume wa Kijaluo aliyejifunga bwombwe kwenye tero buru anafukuza kifo. Mwanariadha wa Kinandi aliyevishwa sinendet anapokewa nyumbani. Mgeni kutoka sayari nyingine akiona picha hizo mbili atadhani ni sherehe moja. Kinachozitenganisha ni nani anamvisha nani, baada ya nini, na nani amesimama akitazama. Hayo hayakuwepo kwenye kadi hata moja.

Na yapo mambo yaliyokosekana kwa uzito zaidi. Ukutani walibandika picha kubwa za zamani kutoka kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi. Picha ni nzuri, watu wamesimama wima, macho makali. Chini waliandika "1909," mwaka kitabu kilipochapishwa, basi. Hawakuandika kwamba Hollis alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Hawakuandika kwamba miaka minne tu kabla ya kitabu kutoka, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Vita vya zaidi ya miaka kumi, kiongozi amepigwa risasi, ardhi imechukuliwa, halafu anakuja bwana na kamera. Mtazamaji kijana akiona picha ile bila hayo anadhani watu wale wametulia katika utamaduni wao kama ua kwenye glasi.

Mtu ataniambia: wewe nawe, ni wikendi tu, watu wamekuja kupiga picha na kunywa mursik, siasa umeitoa wapi?

Nimeitoa kwenye pikapu ya baba yangu.

Baba ni Mluhya, mama ni Mnandi. Januari 2008 nilikuwa na miaka tisa. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba na mji ulikuwa unawaka. Tuliona moshi kutoka dirishani, na watu wakipita na magodoro kuelekea uwanja wa maonyesho, ambako maelfu walilala kwa miezi. Siku moja alfajiri mama aliamua tuende kwao kijijini. Kabla hatujatoka alivunja matawi mabichi kwenye ua wa ploti, akafunga moja kwenye wipa, moja kwenye kioo cha pembeni, na moja akampa baba alishike nje ya dirisha. Nilimuuliza ni ya nini. Akasema, "Ni ya kupita."

Kwenye kizuizi cha pili walitusimamisha. Vijana kama kumi. Hawakuangalia sana yale matawi. Walimwangalia mama, wakamsalimia kwa Kinandi, wakasubiri aitikie. Akaitikia, akaongea sana, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, ya kuchangamka kupita kiasi. Walimwangalia baba muda mrefu. Halafu mmoja akapiga bodi la gari kwa kiganja, tukapita.

Gari la nyuma yetu nalo lilikuwa na tawi. Tawi la mti ule ule, nadhani, maana sote tulikuwa tumetoka mitaa ya karibu. Lilisimamishwa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiti nikitazama kioo cha nyuma, na niliona dereva ameambiwa ashuke, tawi bado limo kwenye wipa yake. Kisha tukapinda kona.

Huwa nasikia watu wakisema kwamba kwetu jani bichi ni amani, nyasi mkononi ni amani. Ni kweli. Ila mimi najua, kwa kioo cha nyuma, kwamba jani halina amani yoyote ndani yake. Amani iko kwa anayelisoma. Akiamua kukusoma wewe badala ya jani, umekwisha. Kwa hiyo nikisimama mbele ya kadi iliyochapishwa vizuri ikiniambia "Ishara ya amani," kwenye mtaa ule ule, umbali wa kutupa jiwe kutoka ploti ambayo mama alivunja yale matawi, siwezi kusema ni kadi tu. Nusu ya majirani waliopita mbele ya meza ile wana hadithi yao ya Januari ile. Walikuwa hapo, wamelipa 300, wamevishwa. Hakuna aliyewauliza.

Ndiyo, nilitaka waulizwe. Wala simaanishi kikao cha kulia. Namaanisha kiti kimoja na swali moja: wewe unakumbuka jani gani?

Jumapili mambo yalikuwa mengine. Programu ilikuwa na wazungumzaji watatu, wote wanaume, wote na maikrofoni. Walikuwa fiti, sitawasingizia. Mmoja alieleza vizuri kuhusu mabwaita, ile madhabahu ya matawi ambayo Wakipsigis waliisimamisha nje ya nyumba upande wa mashariki, jua linakotokea, na jinsi sherehe zilivyoizunguka. Ila nyuma ya jukwaa walikuwa wamepamba kwa mimea ya plastiki. Kijani kibichi, majani makubwa, kutoka dukani. Mzungumzaji anaeleza utakatifu wa tawi, na nyuma ya kichwa chake kuna tawi lisilokufa lililotengenezwa kiwandani.

Nilipomuuliza mwandaaji mmoja alijibu bila kujitetea, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema sinendet ya kweli imekuwa shida kupatikana karibu na mji. Walimtuma mtu hadi pembeni mwa msitu, akarudi na magunia mawili, na yote mawili yaliishia getini. Za kupamba jukwaa zilikosekana.

Magunia mawili. Nilienda nyuma ya nyumba kuyaona.

Huko nyuma ndiko wikendi yenyewe ilikuwa. Wanawake watano wameketi kwenye mikeka na ndoo zilizopinduliwa, wanasokota mashada, vidole vimenata kwa utomvu. Majina yao hayakuwepo kwenye programu. Mkubwa wao, kogo wa miaka labda themanini, alikuwa hasokoti tena. Alikuwa amekaa na kibuyu changu kilichoungua, anakiangalia kama daktari.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu, kogo."

"Wewe lakwet ni wa nani?"

Nikamtajia mama, na kwao. Akatikisa kichwa, akimtafuta mtu kwenye kumbukumbu. Kisha akanyoosha kidole kwenye shada langu. "Na hiyo umefanya nini?"

Nilidhani anauliza nimeifanya nini sinendet yenyewe, labda nimeivaa vibaya. Nikaishika, nikaigeuza. Wanawake wengine wakaanza kucheka. Mmoja akanitafsiria kwa huruma: "Anauliza umefanya kazi gani hata ukavishwa."

"Nimelipa mia tatu, kogo."

Alicheka mpaka akapangusa macho kwa pindo la leso. Kisha akasema, taratibu, kwamba walipokuwa wasichana walikuwa wanakata ya mtu mmoja. Ukienda msituni unajua unamkatia nani. Njiani mnamzungumza: alifanya hivi, alikosea pale, lakini mwishowe alifanya hivi. Mkifika kwake kamba imeshakamilika na maneno yameshakamilika. Sikurekodi, kwa hiyo haya ni kwa kumbukumbu yangu na kwa Kiswahili cha yule mkalimani wangu. Lakini hilo la kumzungumza mtu njiani halijanitoka. Mimi kazi yangu ni uhakiki. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo nikisikia maelezo ya kazi yangu kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuisoma: watazame kwanza, bishaneni, kubalini alipokosea, halafu mvisheni akiwepo, kwa mikono yenu.

Wakati huo ndipo akaja yule jamaa. Mrefu, mwembamba, jaketi la mazoezi lililofubaa. Getini alikuwa amekataa kuvishwa, nilimwona, na msichana alidhani anaogopa kuchafua jaketi. Ni mkimbiaji. Katika biashara yao kazi yake inaitwa pesa, kwa matamshi ya kizungu. Si hizi za mfukoni, ambazo alisema hazimjui sana, bali wale wanaokaa mbele ya kundi na kushika kasi, wakate upepo hadi kilomita ya 25 au 30, kisha watoke njiani ili wengine washinde. Pale Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40, walikuwepo 41 wa aina hiyo wakipokezana. Taja watano, nikuone. Huyu wetu hakuwa mmoja wao. Yeye hufanya mbio ndogo ndogo za ng'ambo, anarudi usiku kwa matatu, hakuna anayempokea.

Kogo alimuuliza swali lile lile. Umefanya nini?

"Sijashinda kitu, kogo."

"Sijakuuliza hilo."

Basi akamweleza. Huko mbele spika zilikuwa zinanguruma, huku nyuma mtu mzima anamweleza bibi mzee namna ya kuhesabu hatua, jinsi unavyosikia pumzi za wenzako nyuma yako na kujua nani ataanguka, jinsi unavyofika mahali pako pa kutoka na mwili unataka kuendelea. Kogo aliuliza maswali kama wakili. Uliyempeleka alishinda? Mara mbili, ndiyo. Alikushukuru? Mmoja. Mwingine? Mwingine hakuniona tena. Kwa nini ulitoka, ulichoka? Hapana, ndiyo makubaliano. Ilichukua kama dakika ishirini. Wanawake waliacha kusokota.

Mimi nilikuwa tayari nimeshaandika mwisho wa makala haya kichwani. Atamvisha. Tutapiga makofi. Nitalia kidogo.

Hakumvisha. Alichukua kipande cha mmea ambacho bado hakijasokotwa, akakikunja duara dogo, akampa mkononi. Akasema, "Mimi si wa kwenu. Nikikuvisha mimi itakuwa mapambo tu. Nenda uwaambie wa kwenu ulichoniambia, wakuvishe wao."

Jamaa alikitazama kile kipande. "Kwetu hawajui nilikimbia, kogo. Wanajua tu sikushinda."

"Basi waambie."

Akakitia mfukoni, akasema kongoi, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Sijui kama aliwaambia. Natumaini. Najua pia jinsi ilivyo vigumu kuingia nyumbani na jani mfukoni ukadai mwenyewe kusifiwa.

Hukumu yangu, basi, maana msomaji amelipa bando lake.

Wikendi hii inafaa kurudiwa, na mimi nitarudi. Kipindi cha mursik kirefushwe kiwe cha siku nzima. Meza ya majirani ibaki, ila kadi ziandikwe upya, na zianze na kitenzi: nani humpa nani, lini, na akikataa je? Picha za Hollis zibaki, ila zipewe historia yake yote, 1905 ikiwemo. Plastiki itolewe, afadhali jukwaa tupu. Wanawake wa nyuma ya nyumba waletwe mbele, au bora zaidi, sisi wa mbele tupelekwe nyuma, bila maikrofoni. Na Januari 2008 itafutiwe kiti, maana mtaa wetu hauwezi kuzungumzia majani mabichi kama watu waliohamia jana.

Na sinendet ya getini ikome. Si kwa sababu ni dhambi kumvisha mtu wa bodaboda. Huenda anastahili kutuzidi wote, amebeba wagonjwa wangapi usiku? Lakini tungemuuliza kwanza. Kumvisha bila kumuuliza ni kumwambia hatuna haja ya kujua amefanya nini. Ukiwavisha wote kwa mia tatu mia tatu, yule aliyekimbia kilomita 30 kwa ajili ya mwingine anapita getini na hakuna anayegundua amekataa kwa sababu gani. Na msitu nao unapungukiwa magunia mawili.

Shada langu nililitundika kwenye msumari mlangoni. Jumatatu majani yalikuwa yamejikunja, Jumatano yalikuwa yanadondoka sakafuni. Mama alipokuja kunitembelea aliuliza nani alinivisha. Nikamwambia. Hakucheka kama kogo. Alilishusha, akalitupa kwenye shimo la takataka, akarudi akaosha mikono.

Nikamuuliza kama anakumbuka yalikuwa matawi ya mti gani, siku ile ya pikapu.

Alikaa kimya akijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akavuta kiti.